Saa Mbili ya Kigoma, Namba Ngapi Chicago?

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Na lawama zako nimezipokea pia. Ni kweli, ile Jumanne nilikupigia huku kumekucha, chai iko mezani, saa mbili asubuhi, nawe ukaitikia kwa sauti ya mtu aliyefukuliwa usingizini: "Mama, huku ni saa sita usiku." Na Januari nilipokupigia kukupa hongera ya kuzaliwa, ulicheka ukaniambia huko bado ni jana. Siku ile nilidhani unanitania.

Safari hii sitaki kuomba radhi tu. Nimekaa na daftari la duka nikapiga hesabu, maana kuna kikao kinakuja na sitaki ukikose kwa sababu yangu.

Unakumbuka Ramadhani yako ya kwanza kufunga? Redio iliadhini magharibi, ukatia tende mdomoni. Bibi yako akakudaka mkono: "Itoe hiyo, ni adhana ya Dar." Ukakimbilia uani kuangalia, na kweli, jua lilikuwa bado limekaa juu ya milima ya Congo, ziwa linang'aa kama bati jipya. Ukarudi unalia: "Kwani Dar wana jua lao?" Nilikunyamazisha kwa sambusa kwa sababu jibu sikuwa nalo.

Jibu ni hili. Dunia inajizungusha nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kila saa, uzi mmoja kila dakika 4. Dar iko kwenye longitudo ya 39 na kidogo, Kigoma haijafika 30. Piga hesabu: jua likishazama Dar, linatumia karibu dakika 40 zaidi kutufikia sisi. Lakini nchi nzima tunatumia saa moja, ile iliyo mbele ya Greenwich, kule Uingereza longitudo inakoanzia sifuri, kwa saa 3, pamoja na Kenya, Uganda na Ethiopia. Mstari wenyewe wa saa hiyo ni longitudo ya 45, ambayo inapita karibu na Mogadishu. Kwa hiyo sisi wa Mwisho wa Reli tunatembea na saa ya Mogadishu mkononi na jua la Bujumbura kichwani. Jua la utosi hapa ni kwenye saa saba, si saa sita, na saa kumi na mbili asubuhi watoto wanatoka kwenda shule bado giza. Hakuna aliyekosea. Nchi yenye saa za aina mbili ingekuwa usumbufu, ila gharama ya kuukwepa tunailipa sisi wa huku magharibi.

Jirani zetu wao wamefuata jua. Burundi wako nyuma yetu saa moja, na Congo ya mashariki vilevile. (Kinshasa wako nyuma zaidi, saa mbili, ile nchi ni kubwa, ina saa za aina mbili.) Ukivuka mpaka pale Manyovu unarudishiwa saa nzima bure, na ukirudi unanyang'anywa.

Mimi somo hili nililipia Kibirizi, pale boti zinapoegesha. Kulikuwa na mteja wa Kalemie, ng'ambo ya ziwa huko Congo, tulikubaliana kwa simu magunia ishirini ya chumvi ya Uvinza. Akasema boti yake itafika saa nne. Saa tatu na nusu nimeshakodi mkokoteni, magunia yamepangwa mchangani, nimesimama na mwavuli. Saa nne, hakuna boti. Saa nne na nusu wingu likaja kutoka ziwani, wale vijana wa mkokoteni wakataka kuondoka au niwaongeze hela. Nikawaongeza. Mvua ikanyesha, turubai likatosha magunia kumi na sita. Manne yakalowa, na chumvi iliyolowa wewe unaijua, inalia maji kama mtu aliyefiwa. Saa tano kamili boti ikaegesha, mteja akashuka anatabasamu: "Mama, si nilikwambia saa nne?" Akanionyesha simu yake. Kwake kweli ilikuwa saa nne. Tangu siku ile mtu akinitajia saa namwuliza kwanza: ya wapi?

Swali hilo, kumbe, ndilo lililowasumbua watu wa reli. Babu yako, Mungu amrehemu, alikuwa karani wa stesheni na alikuwa akisema treni haina jua, ina ratiba. Zamani kila mji ulikuwa na saa yake, jua likifika utosini ndiyo saa sita ya pale. Kwa mtu wa ng'ombe haidhuru kitu. Kwa treni mbili zinazotumia reli moja ni ajali. Kwa hiyo mwaka 1883 wakuu wa reli za Marekani walikutana, na nisikufiche, nilifurahi niliposoma ni wapi: hapo hapo Chicago, mwezi wa Oktoba. Wakakubaliana kugawa nchi kwa kanda, na tarehe 18 Novemba saa zote za reli zikarekebishwa. Mwaka uliofuata mataifa yakakutana Washington wakachagua Greenwich iwe sifuri. Wafaransa hawakupiga kura.

Sasa tuje kwenye hesabu yetu mimi na wewe, ambayo ina vikwazo viwili. Cha kwanza, mshale ukiwa kwenye 8 mimi nasema saa mbili. Cha pili, wewe uko nyuma yangu kwa saa 8 wakati wa kiangazi chenu, na saa 9 wakati wa baridi, kwa sababu ninyi mnacheza na saa, kiangazi mnaisogeza mbele na baridi mnairudisha, na sisi hatuchezi. Nilikuwa naongeza sita, kisha natoa nane, kisha napotea. Nikagundua njia ya mkato: chukua saa ya Kiswahili ya Kigoma, toa mbili, unapata namba inayosomeka kwenye saa yako ya ukutani. Saa tano usiku hapa, toa mbili, saa yako inasoma 3, alasiri. Saa mbili usiku, toa mbili, ni sifuri, yaani 12, adhuhuri. Wakati wa baridi unatoa tatu badala ya mbili; ikishuka chini ya moja unaongeza kumi na mbili. Nimeijaribu kwenye simu ya kaka yako mara saba, haijakosea. Kitu kimoja tu haikuambii, kama ni mchana au usiku, na kama kwako bado ni jana. Hilo linataka akili: asubuhi yangu ni usiku wako.

Usiichukue kanuni hii ukaitumia kwa kila mtu. Shangazi yako aliye Leeds yeye ana yake, na huko wanarudisha saa Jumapili ya mwisho ya Oktoba, ninyi Jumapili ya kwanza ya Novemba. Wiki moja nzima mnapishana tofauti na mlivyozoea. Na India wameongeza nusu saa juu, sijui waliona saa nzima haitoshi.

Kikao ndicho hiki: wazee wa upande wa mchumba wa kaka yako wanakuja kupokea majibu ya mahari, na baba yako anataka usikie kwa masikio yako. Ni Jumapili ya kwanza ya Novemba, saa mbili usiku, saa ya Kigoma. Asubuhi ya siku hiyo hiyo saa zenu zitakuwa zimerudi nyuma, kwa hiyo toa tatu: 11, asubuhi. Baba yako mdogo ameshaandika kwenye kundi la familia kwamba kwako ni saa sita mchana. Nimemwambia, hasikii. Wewe washa simu saa tano.

Mama yako,
Kigoma