Kadi za besiboli

New York

Ndugu yangu Hamadi,

Assalaam aleikum. Natumai nyote hamjambo na kazi ya kuchapa fulana inakwenda vizuri. Sisi huku wazima, alhamdulillahi.

Kuna jambo limenikaa moyoni, na najua wewe utalielewa upesi. Ni zile kadi za besiboli zilizokuwa zikitiwa kwenye pakiti za sigara hapa Marekani kati ya 1909 na 1911. Wakusanyaji huziita T206. Kadi yenyewe haifiki sentimita 7 kwa urefu, lakini ukiiweka chini ya kioo cha kukuzia utaiona kazi ya fundi hasa: vitone vya waridi shavuni, kivuli chini ya kidevu, kisha nyuma yake rangi ya chungwa iliyokolea. Kila rangi ilipigwa peke yake, zote zikakutana palepale zilipotakiwa. Wewe unajua rangi moja ikisogea kidogo tu uso wote unaharibika, na uso wenyewe hapa hauzidi kucha ya dole gumba!

Magazeti yakizitaja hutaja bei tu. Ya Honus Wagner, mchezaji nyota wa enzi hizo, iliuzwa dola milioni 7.25 mwaka 2022, maana mwenyewe alikataa picha yake itumiwe, zikatoka chache mno. Mimi nawaza nyuso zisizokuwamo. Kadi zinapita 500, na hamna mchezaji mweusi hata mmoja. Ligi kuu zilikuwa zimewafungia mlango, hadi Jackie Robinson alipoingia uwanjani na timu ya Brooklyn Dodgers mwaka 1947.

Ndiyo maana nazipenda zaidi kadi za kampuni ya Topps za 1953. Mwaka ule picha zilichorwa kwa mkono kutokana na fotografia. Nyingi ni kazi ya Gerry Dvorak. Namba 1 ni Robinson. Satchel Paige naye yumo, mrushaji hodari aliyeachwa nje ya ligi kuu mpaka akapita miaka 40, na kwenye kadi wakamwandika "Satchell". Hilo linaniuma kweli. Lakini uso wake umechorwa kwa heshima, na mchoraji hakuificha miaka yake.

Nakutumia picha zake kwenye simu. Zikuze, uniambie kama kahawia ile ya uso wa Paige inapatikana kwa skrini zako za kuchapia, na kwa rangi ngapi.

Nisalimie shemeji na watoto.

Nduguyo,
Idrisa