Mzee wa fila geji pale Unga Limited, asante sana

Jamani naomba nimshukuru mzee mmoja, jina sikumuuliza wala namba sikuchukua, alivaa koti la kijani na kofia ya sufu, tulikutana gereji Unga Limited, hapa Arusha, wiki ile masika imenyesha mpaka mtaro ukafurika. Pikipiki yangu ya dragi, zile mbio fupi za kunyooka, ilikuwa imefunguliwa yote, maana msimu uliopita injini ilijam katikati ya zile mita 402 nikasema mvua zikianza tu nashusha kila kitu. Pistoni mpya, ringi mpya, nishaanza kufunga.

Mzee akauliza tu, "Kijana, ringi umezipima?" Sikuwa nimepima. Akachukua moja akaiingiza kwenye silinda, akaisukuma kwa kichwa cha pistoni ikae sawa, halafu akachomeka fila geji, kile kibati chembamba cha kupimia, kwenye ule mwanya kati ya ncha mbili za ringi, haikupita! Akanieleza ringi ikipata moto inatanuka, ncha zikigusana haina pa kwenda, inakwaruza silinda na injini inajam, ndo kilichonikuta. Akakaa na tupa ndogo anasugua taratibu, anapima, anasugua tena, saa nzima, na hela akakataa kabisa. Akaniambia pia nipunguze jeti ya kabureta, kile kitundu cha kupitisha mafuta, ilisetiwa Dar na huku tupo juu kama mita 1,400, hewa nyepesi, mafuta yanazidi, ndo maana plagi ilikuwa inatoka nyeusi tii.

Jana nimeiwasha, inapumua vizuri mno. Mzee wangu shikamoo, Mungu akuzidishie, ukipita tena mtori wako upo.