Mitaa isiyofikika na gari la maji taka ipewe mitambo yake

Ndugu Mhariri,

Mvua kubwa zikinyesha hapa Mtwara Mjini, kwenye mitaa iliyojengwa bila mpango wapo wanaotapisha vyoo. Wanatoboa ukuta wa shimo upande wa mtaro, uchafu unakwenda na maji, na kesho yake watoto wanacheza humo humo. Kipindupindu hupata njia hapo.

Ni kosa, na silitetei hata kidogo. Lakini gari la kunyonya maji taka halipiti kwenye vichochoro vyetu, na kusubiri bomba kuu litufikie ni kuumia miaka.

Mtambo mdogo wa mtaa unawezekana. Maji taka ya nyumba kadhaa yanapelekwa kwenye tangi lililozikwa ardhini. Tope linatuama, bakteria wasiohitaji hewa wanalimeng'enya na kutoa gesi inayofaa kupikia, kisha maji yanachujwa kwenye kitalu cha kokoto kilichopandwa matete. Yote yanatembea kwa mteremko, umeme hauhitajiki. Kwa vyoo vya shimo, Dar es Salaam vijana wamewahi kutumia pampu ya mkono na guta la matairi matatu kufika pasipofikika.

Naiomba Manispaa ya Mtwara-Mikindani itenge vipande vya ardhi sasa, kabla havijajengwa. Pia iamuliwe mapema nani atatoa tope tangi likijaa, na ada itakusanywa na nani. Wapangaji nao waitwe kwenye mkutano wa kuamua hayo, si wenye nyumba peke yao.

Mkazi wa Magomeni,
Mtwara