Perege mdogo mwenye mayai si ruhusa ya kumvua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nijibu hoja inayotolewa kila perege wadogo wa Bwawa la Nyumba ya Mungu wanapolalamikiwa hapa Moshi: "Mbona hata hawa wana mayai? Wameshakomaa hao."

Mayai wanayo, ni kweli. Mpasue perege wa ukubwa wa kiganja utayakuta, ya manjano, yamejaa tumbo. Lakini perege akibanwa huwahi kuzaa. Bwawa likivuliwa kupita kiasi, anayebahatika kuacha watoto ni yule aliyezaa mapema kabla wavu haujamfikia, na chakula kilichokwenda kwenye mayai hakimkuzi tena.

Tena mama mdogo hulea wachache. Dume huchimba kiota kwenye maji ya kina kifupi, jike hutaga humo, kisha huyakusanya mayai mdomoni na kukaa nayo mpaka vifaranga waweze kuogelea. Ni kama wiki mbili hivi, na muda wote huo hali chakula, au anakula kidogo sana. Basi idadi ya watoto hutegemea ukubwa wa mama: mdogo hubeba mia chache, mkubwa aweza kupita 1,000. Kambale ni habari nyingine. Maji ya mvua yakifurika majanini, yeye humwaga mayai kwa makumi ya maelfu na kwenda zake.

Kinachoniuma zaidi ni kokoro, wavu mrefu wa kukokota hadi ufukweni. Linaburutwa juu ya viota vyenyewe, na jike akinaswa huyatema mayai. Nimeyaona yamenata kwenye nyuzi za wavu na kwenye tope la ufukweni, na hakuna mzani wa mwaloni, samaki wanakoshushwa, unaoyahesabu.

Najua wavuvi wana watoto wa kusomesha, na bwawa likifungwa lote, kama ilivyowahi kufanyika, wao ndio hulala njaa kwanza. Kwa hiyo naomba kidogo kuliko hapo: ghuba za mazalia ziwekewe maboya na zifungwe mwaka mzima, wavuvi wenyewe wakizitaja maana wanazijua. Kwingine wavue, kwa nyavu za macho makubwa.

Ila uamuzi uwe mmoja kwa wilaya za Moshi, Mwanga na Simanjiro, zinazogawana bwawa hili. Mazalia yakifungwa upande wa Kilimanjaro na kuachwa wazi upande wa Manyara, yaani Simanjiro, kokoro litavushwa ng'ambo usiku huohuo.

Mlaji wa perege,
Moshi