Barua kuhusu damu ya Tausi

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Ama baada ya salamu, barua yako nimeipokea jana pamoja na nakala ya majibu ya damu ya Tausi, na nimeisoma zaidi ya mara mbili, kwa sababu swali uliloliandika mwishoni lilininyima usingizi. Unauliza iwapo namba hizo zinaweza kukuambia kama paka wako atapona au hatapona. Kwa kuwa kazi yangu ya kila siku ni kupima damu za wanyama, naona ni wajibu wangu kukujibu kwa kirefu na bila kukuficha jambo.

Ugonjwa wenyewe, huo uvimbe wa titi, ni mzito, na daktari wako hakutia chumvi. Kwa mbwa, karibu nusu ya vivimbe vya matiti havina madhara makubwa; kwa paka, takriban vinane au tisa kati ya kila kumi ni saratani, nayo ina tabia ya kusambaa mapema, ikianzia kwenye tezi za limfu za kwapa na kinena kabla ya kufika mapafuni. Hivyo ulifanya vyema kumpeleka siku ileile mkono wako ulipokutana na kile kigumu mfano wa punje ya mbaazi pembeni mwa chuchu yake. Ninakuomba usijilaumu kwa siku ambazo hukukigusa.

Sasa nije kwenye ile namba 6 iliyozungushiwa wino mwekundu. Huo ni uwiano wa aina mbili za chembe nyeupe za damu: nyutrofili za Tausi zilikuwa 9,000 katika kila maikrolita moja ya damu, na limfosaiti zake 1,500, ukigawanya ya kwanza kwa ya pili unapata 6. Sababu ya madaktari kuushughulikia uwiano huu ni kwamba saratani huzua mwako mwilini, yaani mwili hujihami kama ufanyavyo penye jeraha, na mwako huo huita nyutrofili kwa wingi, nazo zikifika kwenye uvimbe zinaweza kutoa kemikali zinazousaidia kujitengenezea mishipa mipya ya damu. Limfosaiti, kwa upande mwingine, ndizo zenye uwezo wa kuitambua chembe ya saratani na kuiua, kwa hiyo zikipungua kinga hudhoofika. Watafiti waliopima damu za paka kabla ya upasuaji kisha wakawafuatilia wameona kwamba, kwa jumla, wale waliokuwa na chembe nyeupe nyingi au uwiano mkubwa waliishi muda mfupi zaidi. Jambo hilo ni la kweli na silipuuzi. Lakini neno la kushika hapo ni «kwa jumla», kwa sababu utafiti wa namna hiyo hulinganisha kundi na kundi, na mpaka wa kutenganisha uwiano mzuri na mbaya hautoki sawa kutoka utafiti mmoja hadi mwingine. Ndani ya kundi lenye uwiano mkubwa wamo paka walioishi miaka.

Kisha kuna jambo ambalo sisi wa maabara tunalijua vizuri kuliko mtu mwingine yeyote: paka ni mnyama ambaye damu yake hubadilika kwa hofu. Akishtuka ghafla na kupapatika mezani, chembe zilizokuwa zimejibanza kwenye kuta za mishipa humwagika katika mkondo wa damu, na kwa muda mfupi nyutrofili na limfosaiti zote huonekana nyingi. Akikaa na hofu kwa saa nyingi au siku nzima, homoni ya kotisoli hupandisha nyutrofili na kushusha limfosaiti, na uwiano unaruka bila saratani kuwa na mkono wowote. Niliwahi kupokea damu ya paka mwenye uvimbe kama wa Tausi, aliyekuwa amelala siku mbili ndani ya kizimba kwenye chumba kimoja na mbwa waliokuwa wakibweka. Uwiano wake ulikuwa 7. Siku kumi baadaye, akiwa ametoka nyumbani asubuhi hiyohiyo na kushikwa kwa utulivu mapajani mwa mwenyewe, ulikuwa 3. Uvimbe ulikuwa bado upo palepale, na hakuwa amepewa dawa yoyote.

Ndiyo maana nakuomba unijibu mambo machache kabla hatujaitisha matanga kwa sababu ya namba moja. Je, Tausi alilazwa kabla ya kutolewa damu? Je, alikuwa anapewa prednisoloni au dawa nyingine ya jamii hiyo, ambayo hufanya kazi ileile ya kotisoli? Uvimbe umepasuka na kutoa usaha? Kidonda chenye bakteria hupandisha nyutrofili kwa sababu zake chenyewe. Na je, amewahi kupimwa virusi vinavyodhoofisha kinga ya paka, ambavyo huweza kupunguza limfosaiti hata kwa paka asiye na uvimbe?

Kuhusu chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, ambazo karatasi inasema ziko chini mno, usihangaike nazo bado. Damu ya paka ina desturi ya kugandisha chembe hizo vifungu vifungu ndani ya kichupa, na mashine hukihesabu kifungu kizima kama kitu kimoja au hukiruka kabisa. Mara nyingi nikiiweka damu hiyo kwenye kioo na kuitazama kwa hadubini, naziona kule ukingoni mwa mpako, pale damu inapokuwa nyembamba, zimekumbatiana kama nyuki waliotua tawini, na idadi yake inatosha kabisa. Mwombe daktari atake kioo kisomwe kwa macho. Ni kazi ya dakika chache.

Umesikia pia habari za vipimo vipya. Ni kweli vipo vinavyochunguzwa: protini ya amiloidi A, ambayo hupanda panapo mwako, protini nyingine ya damu iitwayo albumini, ambayo hushuka mnyama anapodhoofika, na protini ya HER2, ambayo watafiti wa Lisbon waliipima katika seramu, yaani majimaji ya damu yasiyo na chembe, ya paka wenye saratani ya matiti wakaikuta imezidi. Nayafuatilia mambo haya kwa matumaini makubwa, maana siku tutakapoweza kumjua kwa tone la damu paka anayehitaji dawa kali na yule asiyehitaji, tutawaepusha wengi na mateso. Kwa leo, hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho ningekubali kitumike peke yake kumwamulia Tausi.

Kinachobashiri vizuri zaidi hadi sasa ni mambo ambayo hayamo katika kichupa cha damu. Ukubwa wa uvimbe ni la kwanza: ukiwa chini ya sentimita 2, maisha baada ya upasuaji mara nyingi huhesabiwa kwa miaka, ukizidi sentimita 3, mara nyingi huhesabiwa kwa miezi. Huo wa Tausi, kwa maelezo yako, haujafika hata sentimita 1, na hilo ndilo jambo lililonipa faraja katika barua yako yote. Baada ya hapo nitataka kujua picha ya eksirei ya kifua inasema nini, kama tezi ya limfu ya upande huo imeingiliwa, na kama mtaalamu wa patholojia, anayechunguza nyama kwa hadubini, ataona chembe za saratani ndani ya mishipa ya kinyama kitakachokatwa. Daktari akipendekeza kuondoa safu nzima ya matiti ya upande ule badala ya titi moja tu, usione kwamba anamkatili. Uvimbe hurudi mahali pale mara chache zaidi kwa njia hiyo.

Usidhani nasema damu ile ilitolewa bure. Imetuonyesha kwamba figo na ini lake viko salama na kwamba hana upungufu wa damu, basi anaweza kuhimili usingizi wa upasuaji. Na ikiwa baadaye itafaa apewe doksorubisini, dawa ya saratani ambayo huweza kudhuru figo za paka, tutakuwa na kipimo cha mwanzo cha kulinganishia.

Tafadhali usiahirishe upasuaji wa Alhamisi kwa ajili ya ile 6. Mpeleke asubuhi akiwa amefunikwa shuka analolilalia, uombe atolewe damu mara tu mnapofika, kabla hajaingizwa kizimbani, na unitumie majibu hayo pamoja na ya kinyama yatakapotoka. Niandikie pia kama anakula, na ameanza kula siku ya ngapi baada ya kushonwa.

Ni mimi rafiki yako wa siku zote.