Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Huduma za Uuguzi: mpira wa mkojo wa mtoto mchanga

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Naomba utoe waraka utakaomruhusu muuguzi wa zamu kuutoa mpira wa mkojo (mrija unaoingizwa kibofuni kutoa mkojo) wa mtoto mchanga mara sababu yake inapokwisha, bila kusubiri daktari apite wodini.

Mpira huwekwa kwa sababu za msingi: mkojo umeziba, au mtoto yu mahututi na mkojo wake lazima upimwe. Ukishuka chini ya mililita 1 kwa kila kilo ya uzito kwa saa, tunapaswa kujua mapema. Tatizo ni siku zinazofuata. Mtoto ametulia, dawa zimepunguzwa, mpira bado umo. Kila siku unayokaa, vijidudu vinazidi kupata njia ya kupanda kibofuni, na kwa mtoto njiti maambukizi hayo huweza kuingia kwenye damu. Wakati huo nepi ingetosha: ipime ikiwa kavu, ipime ikiwa imelowa, kila gramu 1 iliyoongezeka ni takriban mililita 1 ya mkojo.

Usafi wauguzi wanaujua. Mikono huoshwa kabla ya kuugusa, mfuko hukaa chini ya usawa wa kibofu bila kugusa sakafu, govi la mtoto wa kiume halivutwi kwa nguvu.

Linaloniuma zaidi ni vifaa. Mtoto wa chini ya kilo 1 kwa kawaida huhitaji mpira wa saizi 3.5 Fr (kipimo cha unene wa mpira), na aliyezidi uzito huo saizi 5 Fr. Stoo ikiwa haina, hutumika mpira wa kulishia, ule wa kupitishia maziwa hadi tumboni. Huo haukutengenezewa kibofu. Ukisukumwa mbali baada ya mkojo kuonekana, hujikunja ndani na unaweza kujifunga fundo. Fundo likikaza, huenda mtoto akapelekwa upasuaji kwa ajili ya kitu tulichomwekea sisi wenyewe. Muuguzi asilaumiwe kwa hilo ilhali hakuletewa kifaa sahihi.

Basi waraka uagize saizi hizo mbili zisikosekane wodini. Fomu ya kila zamu iwe na swali: mpira huu bado unahitajika kwa nini? Pakikosekana jibu, utolewe zamu hiyohiyo, isipokuwa kwa mtoto aliyefanyiwa upasuaji wa njia ya mkojo. Huyo aachiwe daktari wake wa upasuaji.

Wako katika huduma,
Muuguzi wa wodi ya watoto wachanga