Wauza spea, acheni kutuambia "oili ni oili"

Mhariri,

Naomba nafasi kwa gazeti lako niongelee oili ya pikipiki, hasa hizi skrambla za matope, maana vijana wanamaliza pesa bure. Mimi ni fundi huku Dagoretti, na kila masika yakianza wale wanaopanda Ngong na wale wa kule Kiserian wananiletea shida ni ile ile, injini inanguruma lakini pikipiki haisongi.

Juzi kijana amekuja na 250 ya tu-stroki (injini ya kuchanganyiwa oili na petroli), klachi pleti ameshabadilisha mara 2 ndani ya miezi 3. Nikafungua. Pleti zinang'aa kama kioo, zile za chuma zimegeuka bluu kwa joto na harufu ya kuungua imejaa kibanda. Nikamuuliza unaweka oili gani, akatoa mkebe, 5W-30 ya gari, tena ya bei, na nyuma kwa lile duara la API, wale Wamarekani wa viwango vya oili, imeandikwa Resource Conserving, yaani ya kubana petroli. Dukani aliambiwa oili ni oili, chukua hii ndio ya nguvu.

Sasa wenye maduka mnisikize. Klachi ya gari la gia za mkono ni kavu, iko mbali na oili. Ya skrambla inaogelea ndani ya oili na inashika kwa msuguano, na hiyo oili ya gari imetiwa dawa ya kupunguza msuguano ili gari lile petroli kidogo, kwa hivyo ukiimwaga kwa pikipiki pleti zinateleza, zinapata joto, zinaungua, halafu mteja anaambiwa pleti ni feki. Ndio maana Wajapani walileta kipimo cha oili ya pikipiki kinachoitwa JASO T 903 mwaka wa 1998. Tafuta herufi MA au MA2 kwa mkebe, MA2 ndio inashika zaidi. MB ni ya skuta za mkanda, hiyo wacha.

Kwa tu-stroki ni rahisi hata zaidi na bado watu wanakosea. Injini inapata oili yake kwa petroli, gia ziko na oili yao peke yake, nyingi zinabeba kama robo tatu lita hivi. Si pesa nyingi hiyo! Na usiogope ukiona 75W au 80W kwa oili ya gia za pikipiki ukadhani ni nzito kama asali, namba za oili ya gia ziko na mizani yake tofauti na ya injini, hiyo 80W inakaribia oili ya kawaida tu ya injini. Lakini ile ya difu ya lori, GL-5, usiweke kabisa.

Sisemi makosa yote ni ya oili. Kuna wenye wanakaza kebo mpaka leva haina hata nafasi kidogo, klachi inakaa imeshikwa nusu, siku nzima, na kwa matope meusi ya Kitengela mtu anakwama gia ya 3 anaipigia klachi badala ya kushuka gia ya 1 au ya 2. Achia leva icheze kidogo kabla haijaanza kushika, kitabu cha pikipiki yako kitakuambia ni milimita ngapi. Pleti mpya nazo ziloweshe kwa oili usiku mzima kabla hujafunga, nimeona mafundi wenzangu wakizifunga kavu na hiyo inaniuma sana.

Mimi hubadilisha oili ya gia kila masaa 10 ya kuendesha, na kama umevuka mto na oili imetoka rangi ya chai ya maziwa, hiyo ni maji yameingia, mwaga siku hiyo hiyo, usingoje wikendi.

Kitu kingine ni hii oili ya kupimiwa kwa chupa ya soda. Hapo hakuna herufi utasoma, na anayeuza mwenyewe hajui ilitoka kwa mtungi gani. Wenye maduka, wekeni za MA mbele ya kaunta na mumuulize mteja ni ya gari ama ya pikipiki kabla hamjachukua pesa yake. Yule kijana nimemfungia pleti na springi mpya, oili ya MA2, na Jumapili iliyopita alipanda Ngong akashuka klachi ikishika vizuri tu.

Fundi wa pikipiki,
Dagoretti, Nairobi